Safu Tatu za Papa Asukulu

Papa Asukulu,

Juma hili nimefunga baveti za kuzuia tope nyuma ya magurudumu ya magari manne na sikukosea shimo hata moja. Nimeona nikuanzie na hilo, kwa sababu najua ndilo ungeuliza kwanza, kabla ya kuuliza kama nimekula.

Ni Jumapili mchana. Nimetoka kanisani na kuja hapa Rwekubo, kambini Nakivale, kwenye kibanda chako, na ninaandika juu ya meza ile ile ya kukatia mpira. Nimeifuta mara mbili lakini karatasi imeshika weusi pembeni. Utanisamehe. Wewe mwenyewe hukuwahi kuandika kitu kisichokuwa na alama ya kidole gumba chako.

Kibanda kipo. Paa tulilibadilisha upande wa barabarani, lilikuwa linavuja pale pale ulipokuwa unakaa, na sasa nimeelewa kwa nini ulikuwa unavaa kofia ndani. Mke wako, Mama Mapenzi, ni mzima. Goti linamsumbua akipanda kutoka shambani, lakini maharage yake yametoka mazuri na bado anaimba sauti ya chini kwenye kwaya kuliko wanaume wote. Anakutaja kila siku, mara nyingi kwa kukulalamikia. Juzi alikuta skrubu kwenye kopo la chumvi akasema bado hujamaliza kumchokoza.

Mimi sasa nafanya kazi Mbarara. Ndiyo, mimi Wabiwa, niliyekuwa naogopa hata kuvuka barabara pale mjini. Kuanzia Jumatatu hadi Alhamisi niko Ruti, kwenye duka la Bwana Tumwine linalouza na kufunga vitu vya nje vya magari. Nafunga vizuia mvua vya juu ya madirisha, vibandiko vyekundu vinavyong'aa gari likimulikwa, fremu za namba, mipira ya kuzuia milango isigongwe, na baveti. Ijumaa na Jumamosi nipo hapa kwako. Kazi hii nilikaribia kuipoteza kabla sijaipata, na kosa lilikuwa la kwangu, ila na wewe ulichangia. Ndiyo maana nakuandikia.

Lakini ngoja nianze mahali panapostahili, nisije nikakuruka.

Miaka mitatu nimekaa na wewe. Nimebeba matairi ya lori yaliyochoka, nimeyachana kuta zake za pembeni kwa kisu kilichopakwa sabuni, nimezilaza juani chini ya mawe wiki mbili mpaka zinyooke na kuacha kujikunja. Nimekata kwa kigezo chako cha bati. Nimepaka lile doa jeupe chini kabisa upande wa kushoto, alama yako, ambayo madereva wa Nakivale wote waliijua. Kitu kimoja tu hukunipa: kutoboa gari. Ulikuwa unasema, "Mupira utatoboa mara mingi vile unapenda. Bodi ya mutu utatoboa mara moja." Kisha unachukua mashine, unanigeuzia mgongo, na mimi nabaki nimeshika nati kwenye kiganja kama mtu wa kushika sadaka. Ilinikera, Papa. Sikukuambia lakini ilinikera sana. Nilidhani ni kwa sababu mimi ni mwanamke, kisha nikadhani huniamini, kisha nikazoea.

Na kila gari ulilipima na watu ndani. Hilo ndilo watu wanalokukumbukia zaidi. Dereva akileta gari, wewe huleti hata kamba ya kupimia kwanza. Unasimama barabarani unaita, "Bamama, mukuye muikale mu gari kidogo tu, hatuende fasi." Na watu wanakuja, ingawa gari haliendi popote. Wanaotoka sokoni, wanaotoka kuchota maji, mchungaji na Biblia yake. Wanapanda tisa mpaka kumi, mtu anapakata mtoto wa mtu, mahindi ya mtu yanaingia nyuma, na gari linazama mpaka unasikia springi zinalia. Hapo ndipo unalala chini kwenye vumbi na kuweka kiganja chako kati ya ardhi na mpira. Upana wa kiganja, si zaidi na si pungufu. "Gari yenye haina batu inakudanganya," ulisema. Na ni kweli, magari ya huku hayaendi matupu. Baveti ikipimwa gari likiwa jepesi, abiria wakipanda itaburuta njia nzima mpaka iraruke.

Nilipenda sana ile dakika ya watu kukaa garini. Walikaa wameelekeza nyuso mbele, kana kwamba wanasafiri kweli. Mama mmoja aliwahi kukuuliza mmefika wapi, nawe ukamjibu kutoka chini ya gari, "Tuko karibu." Sijui kwa nini hilo linanichekesha mpaka leo.

Sasa, kosa.

Bwana Tumwine alinipa majaribio ya wiki mbili, kila siku isipokuwa Jumapili. Ni mtu mzuri ila hana subira, na alikuwa amewahi kuharibiwa magari na mafundi wawili kabla yangu. Aliniambia wazi kwamba akiona kastoma mmoja amerudi kulalamika, nirudi kwetu. Nilikubali. Nilitaka kazi ile kuliko nilivyomwonyesha. Papa, kibanda peke yake hakikutosha tena, madereva wengi walikuwa wanapita bila kusimama, na waliosimama walitaka kubadilishiwa bolti tu. Walikuwa wanakuja kwako, si kwangu. Na nilikuwa najiambia kwamba nikifukuzwa Mbarara, nitarudi, nitauza nyanya, na ule ufundi wako utakuwa umeishia kwenye kichwa cha mwanamke anayeuza nyanya.

Jumanne ya wiki ya kwanza akaja mwanamke mmoja, muuguzi, wote pale wanamwita Sista. Gari lake ni dogo, jekundu, halina hata mkwaruzo. Alitaka baveti za mpira mzito, si zile za plastiki za dukani, kwa sababu anakaa njia ya udongo. Akaniachia ufunguo akaenda kununua ndizi.

Ilikuwa mara yangu ya kwanza kutoboa gari la mtu. Nilikuwa na kipande chako cha mwisho cha mpira ulionyooka, nilikuja nacho kutoka hapa. Nikasema nitafanya kama Papa, nisiruke hata hatua moja. Nikasimama kando ya barabara ya Kabale, nikaita watu.

Walikuja. Nimeshangaa mpaka leo, lakini walikuja. Mama anayechoma mahindi, vijana wawili wa bodaboda, mzee aliyekuwa anasubiri tairi lake lizibwe, na mwanamke mnene mwenye beseni la mihogo ambaye nilimshukuru Mungu kwa ajili yake. Wakakaa. Wakaelekeza nyuso mbele. Mimi niko chini, nimeweka kiganja, nimeweka alama, nina raha kabisa, nasikia miguu inakuja na kusimama.

Ni Bwana Tumwine, na Sista nyuma yake na ndizi zake.

"Nyabo," akasema Bwana Tumwine kwa sauti ya chini sana, ambayo sasa najua ndiyo mbaya, "hii watu yote natafuta nini ndani ya gari ya kastoma?"

Nilieleza. Nikiwa nimelala chini nilieleza kuhusu springi na abiria na Nakivale. Mama wa mihogo alishuka taratibu, akaomba radhi, akasahau muhogo mmoja kwenye kiti. Sista hakukasirika, alicheka mpaka akashika mlango. Bwana Tumwine hakucheka. Lakini alama nilikuwa nimeshaweka, nikachukua mashine, nikakumbuka mgongo wako, nikatoboa. Mashimo manne, mawili kila upande. Nikayapaka rangi ndani yasishike kutu kama ulivyokuwa unafanya. Yalikuwa mashimo mazuri, Papa. Nilijivuna.

Siku mbili mvua ikanyesha. Siku ya tatu Sista akarudi. Gari lilikuwa na matope kuanzia chini ya milango mpaka kwenye vitasa, na sare yake nyeupe ilikuwa na mstari wa udongo ubavuni, mahali alipojisugua akishuka. Akanieleza kwa upole, na upole wake uliniumiza zaidi: "Mimi naendesha peke yangu. Mimi na mkoba."

Hakuna aliyehitaji kunieleza zaidi. Nilikuwa nimempimia gari lililojaa watu, naye anakwenda peke yake. Likiwa jepesi, gari lilikuwa limesimama juu, na baveti zangu zilikuwa zinaning'inia hewani shubiri nzima kutoka ardhini, hazizuii kitu. Gari la mtu mmoja sikuwahi kulifunga maishani mwangu. Sikujua kwamba yapo.

Bwana Tumwine akasema maneno machache. Jumatatu gari liwe sawa, au nisifike. Sista naye akaongeza jambo moja tu, gari lake lisitobolewe tena. Haki yake. Mpira mrefu zaidi ningeweza kukata na kuufunga kwenye mashimo yale yale, lakini ilikuwa Ijumaa asubuhi, na wewe unajua ukuta wa tairi haunyooki kwa siku tatu. Ukiufunga haujanyooka utajikunja ndani na kusugua gurudumu. Na zile za plastiki za dukani hazikuwa na urefu.

Nilirudi huku jioni ile. Nikala kwa Mama Mapenzi, au nilikaa mbele ya chakula. Mpira ulionyooka ulikuwa umebaki jozi moja tu duniani, na ilikuwa ukutani kwake, kwenye msumari, kando ya koti lako.

Unaijua jozi hiyo. Uliikata juma lile kabla hatujakupeleka hospitali. Ulikaa kwenye kiti kwa sababu miguu ilikuwa imevimba, nami nikakushikilia bati, na ulipumzika kati ya upande wa kwanza na wa pili. Hukusema ni ya gari gani. Baada ya maziko Mama Mapenzi aliitundika pale na hakuna aliyeigusa. Wageni wakija anaipangusa kwanza kabla ya kupangusa viti.

Sikuweza kuomba. Nilizungumza habari za mvua, za goti lake, za kwaya. Mwishowe nikamweleza kosa lote, bila kutaja ukuta. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akainuka na goti lake, akaziondoa msumarini, akazifuta na kitenge alichovaa, mbele na nyuma, polepole, akaniwekea magotini.

"Hii baveti ilitengenezwa ikuwe ku gari," akasema. "Haikutengenezwa ikuwe ku ukuta. Wende nayo."

Tulilia wote wawili, kidogo. Kisha akaniuliza kama nitamaliza ugali au ampe jirani.

Jumatatu nilifika Ruti kabla duka halijafunguliwa. Sista alileta gari akielekea kazini, akakaa kwenye benchi na kikombe cha chai. Bwana Tumwine akasimama na mikono nyuma. Nilifungua bolti, nikatoa zangu, nikachukua zako. Na hapo tena nikayaona yale mashimo.

Papa, nina jambo la kukiri. Kila baveti uliyokata ilikuwa na safu tatu za mashimo juu, moja juu ya nyingine, na sisi tulitumia safu ya chini tu. Mbili zilizobaki zilijificha ndani ya bodi hakuna anayeziona. Mimi nilidhani unakosea. Nilidhani unapiga lile bomba lako lililonolewa la kutobolea mpira, unakosa mahali, unarudia. Niliwaambia madereva kwamba mzee anahitaji miwani. Tulicheka nyuma ya kibanda. Siku moja ulitusikia, ukasema tu, "Acha ikae. Iko na kazi yake." Nami nilipokata zangu za kwanza bila wewe, za Sista, nilipiga safu moja tu, safi, na juu yake nikakata mpira uliozidi, nikijiona nimemshinda mwalimu wangu.

Nikaifunga yako kwa safu ya chini, kama siku zote. Ikaning'inia juu vile vile kama yangu. Nikashusha hadi safu ya kati. Bado. Nikaweka safu ya juu, ile ambayo sijawahi kuona bolti ikiingia, nikalala chini, nikaweka mkono.

Kiganja kimoja, si zaidi na si pungufu.

Nilibaki chini ya gari kidogo. Bwana Tumwine aliona miguu yangu haisogei akauliza kama nimeumia. Nilisema hapana, natafuta nati. Nilikuwa nacheka na machozi yanaingia masikioni, kwa sababu nilikuwa chali. Wewe mtu. Miaka mitatu umeniacha nikucheke. Ulijua magari ya mtu mmoja yapo. Ulijua pia kwamba ncha ya mpira italika na itahitaji kushushwa, na springi zitachoka, na gari litauzwa kwa mtu mwingine mwenye safari nyingine, na yote hayo uliyaweka kwenye mpira ili bodi ya mtu isiguswe mara ya pili. Ungeweza kuniambia. Ila nadhani ungeniambia, ningesahau.

Bolti zilipita kwenye mashimo yangu bila kusukumwa. Kigezo ni kile kile cha bati, na mimi nilikuwa nimekifuata. Kwa hiyo ujue, mashimo yaliyo kwenye gari lile ni yangu na mpira ni wako, na vimekubaliana.

Sista aliendesha akazunguka kwenye tope la pale mbele ya kituo cha kuoshea magari, makusudi, mara mbili. Akarudi. Milango ilikuwa safi. Bwana Tumwine alipangusa kidole kwenye kitasa, akakitazama, akasema, "Sawa. Kesho kuja mapema, iko pikapu mbili." Hayo ndiyo maneno ya ajira kwa Bwana Tumwine.

Tangu hapo nauliza kila mtu swali moja kabla ya kushika kitu: unabeba nani? Wananitazama. Mmoja anabeba watoto wanne wa shule, mwingine matoke, mwingine nafsi yake na mkoba. Wakiwa wengi, nawaambia waje nao. Juzi baba mmoja alileta familia nzima na mama mkwe, wakakaa wameelekeza nyuso mbele, na Bwana Tumwine alikuja akasimama, akatikisa kichwa, akaenda kuwaletea maji. Nafikiri ameanza kuipenda ile dakika. Hatakiri.

Lile doa jeupe bado lipo kwenye gari la Sista. Alitaka kujua ni nini nikamwambia ni jina la mtu. Naliona mara mbili tatu kwa wiki likipita Ruti, lina matope, kama linavyotakiwa kuwa, na gari juu yake ni jekundu safi. Nimemwambia Mama Mapenzi. Msumari ukutani ameuacha, sasa anatundikia kofia yako.

Papa, limebaki jambo moja ambalo sikumwambia mtu.

Siku tulipokutoa hospitali kukurudisha, Dieudonné alikuja na basi lake dogo, lile ulilolifunga baveti mwaka uliopita. Tuling'oa viti vya nyuma tukakulaza hapo. Wanakwaya wote walitaka kukusindikiza na hakuna aliyethubutu kumkatalia mwenzake, kwa hiyo tulikuwa wengi kuliko siku ya kupima, na wewe mwenyewe ulikuwa ndani. Mvua ilikuwa imenyesha na barabara baada ya lami imechimbika. Watu waliimba. Mimi nilikuwa mwisho kabisa, mkono wangu juu ya sanduku lako, na sikuimba. Nilikuwa nimeinamisha kichwa nasikiliza chini, upande wa magurudumu, kwa sababu nilijua kama baveti itaburuta nitasikia, na kama nitasikia sitavumilia. Kila shimo tuliloingia nilisubiri. Mpaka tunafika nyumbani kwako haikugusa ardhi hata mara moja.

Sikukuaga siku ile. Nakuaga leo, nimeshiba na nina kazi kesho. Lala salama, Papa Asukulu. Kila mpira nitakaoukata nitautoboa safu tatu, na yeyote atakayekuja kujifunza kwangu akizicheka zile mbili za juu, nitamwacha acheke mpaka siku yake ifike.

Ni mimi, aliyekushikia nati,

Wabiwa